Jua Likilipuka, Malindi Inaingiaje?

"Joto la Februari linaletwa na milipuko ya jua." Halihusiani. Jua lina mzunguko wa takriban miaka 11, na kati ya utulivu wake na kilele chake, nguvu ya mwanga unaotufikia hubadilika kwa asilimia 0.1 hivi tu. Msimu wa kaskazi Malindi una joto lake wenyewe.

"Jua likitulia, halilipuki." Hulipuka, ila mara chache. Kileleni huweza kurusha mawingu ya gesi yenye sumaku mara mbili tatu kwa siku. Wakati wa utulivu siku kadhaa hupita bila hata moja. Na mengine huchomoka mahali pasipo na doa jeusi lolote kwenye uso wa jua.

"Kilele kikipita, tumesalimika." Hii ndiyo inayonikera, maana huvaa sura ya hesabu. Mzunguko wa 23 ulikuwa kileleni miaka ya 2000 na 2001. Sasa tazama: mwishoni mwa Oktoba 2003 jua lilianza kufyatua mfululizo, na mmweko (mlipuko wa ghafla wa mwanga na miale) wa tarehe 4 Novemba ulikuwa mkali hata vipimo vya setilaiti vikafika ukomo. Mzunguko wa sasa, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 NASA ikatangaza kuwa jua limeingia kipindi cha kilele. Kwa hiyo anayesema mambo yameisha ana haraka. Mzunguko hukadiria wingi wa milipuko. Ukubwa wa mmoja mmoja na upande unaoelekea ni habari nyingine. Wingu kubwa la tarehe 23 Julai 2012 liliikosa dunia kabisa.

"Hayo ni ya watu wa Norwe, wenye mianga yao ya usiku." Kauli hiyo haifai kusikika karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini. Miale ya mmweko hufika kwa dakika 8 hivi, ikavuruga anga ya juu upande wenye mchana, na redio za mawimbi mafupi huathirika zaidi pale jua lilipo utosini. Katikati ya Machi, saa sita na nusu mchana, pale ni Malindi. Tena miaka ya kilele, baada ya magharibi, mawimbi ya GPS hutetereka zaidi maeneo ya karibu na ikweta, saa ambazo wavuvi wa usiku ndio kwanza wanatoka.