Je, wajua kwa nini sabuni ya mche ilitosha kukivunja kirusi cha korona?

Machi 16, 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na haikupita wiki kitakasa mikono kikaadimika Tanga. Duka moja la dawa huku Ngamiani lilipandisha bei ya kichupa mpaka nikarudi mikono mitupu, nikiwaza nitamlinda mama na nini. Nyumbani kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche ya kufulia. Sikukihesabu.

Kama majirani wengi, niliamini kinachoua vijidudu ni ukali: harufu ya dawa, spiriti inayochoma, maandishi kwenye karatasi ya sabuni. Sabuni ya kufulia ilikuwa ya kutoa uchafu tu. Lakini dawa zinazotiwa kwenye sabuni hulenga bakteria, na kirusi si bakteria. Tena hata kwa bakteria, mwaka 2016 Marekani ilikataza viambato 19 vya aina hiyo, triklosani kikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuonyesha kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Nguvu imo ndani ya sabuni yenyewe.

Kirusi cha korona kimevaa utando wa mafuta, kilioutwaa kwenye seli kilimozaliwa. Chembe ya sabuni, nayo, ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kutafuta mafuta. Tazama sufuria iliyopikiwa samaki wa nazi: maji matupu huteleza juu ya mafuta. Tia sabuni, mikia inazama kwenye mafuta, vichwa vinashikana na maji, na mafuta yanaachia.

Sasa fikiria jahazi. Kalafati ndiyo inayozuia maji kati ya mbao. Ichokoe, chombo kinavuja. Mikia ya sabuni huuchokoa utando wa kirusi vivyo hivyo, na kwa urahisi zaidi, maana mbao za jahazi zina misumari. Mafuta ya utando hayana. Yamesimama bega kwa bega tu, yamebanana kwa kuyakimbia maji. Mikia ikijipenyeza ya kutosha, utando unapasuka na vilivyomo vinamwagika. Zile sekunde 20 tulizohimizwa ni muda wa povu kufika kwenye kucha na katikati ya vidole. Spiriti pia huupasua utando, ila iwe asilimia 60 au zaidi, na mikono isiwe na mafuta ya samaki.

Virusi visivyo na utando, kama norovirusi vya kuharisha, havipasuki hivi. Sabuni huvibandua tu, maji yakavichukua. Na korona yenyewe, ushahidi wa baadaye ulionyesha kwamba husambaa zaidi kwa hewa kuliko kwa mikono. Masika ile tulinawa kwa bidii kwenye ndoo ya koki mlangoni, kisha tukaingia ndani, tukafunga madirisha kwa sababu ya mvua, tukaketi na mama.