Je, wajua? Adui akipigwa ngumi moja akaruka hadi ukutani, nani kamrusha?

Si steringi. Katika filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ngumi yake kwa kawaida haigusi hata ndevu za adui. Hupita hewani mbele ya uso, na kamera huwekwa nyuma ya bega la mmoja wao ili ile nafasi kati ya ngumi na shavu isionekane. Isogeze kamera hatua mbili pembeni, uongo wote uko nje.

Kazi ngumu iko kwa anayepigwa. Lazima shingo yake igeuke palepale ngumi inapopita. Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa sekunde. Akichelewa kwa picha chache tu, jicho la mtazamaji linashtukia. Kwa maoni yangu huyu ndiye anayestahili tuzo, ila jina lake linapita mwishoni watu wakishainuka.

Sasa huko kuruka. Ndani ya nguo amevaa mikanda imara inayoshika kiuno na mapaja. Mgongoni imefungwa waya unaokwenda hadi kwenye mtambo wa hewa iliyoshindiliwa. Fundi akifyatua, hewa inasukuma, waya unakaza, na jamaa anavutwa kinyumenyume kama samaki aliyenasa ndoana. Ukuta anaoubomoa umejengwa kwa vitu laini ili uvunjike, na nyuma yake kuna magodoro. Waya hufutwa baadaye kwa kompyuta. Pigo likiwa la hatari mno kwa mwili wa binadamu, huwekwa mtu wa kuchorwa kwa kompyuta, aliyetengenezwa kutokana na vipimo vya mwigizaji mwenyewe.

Hayo yote huanzia kwenye ukumbi wa mazoezi. Kikosi cha stanti, yaani wale wanaoigiza matukio ya hatari, hupanga maboksi badala ya meza na magari, kinapigana, kinajirekodi, kinahariri, kisha mwongozaji anaonyeshwa pambano zima kabla seti haijajengwa. Chukua pambano la ndani ya basi katika Shang-Chi, filamu ya shujaa ya mwaka 2021. Mitaa ni ya San Francisco, lakini sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Sydney, na basi lilitikiswa na mtambo ili abiria wayumbe kweli. Mapigano yalisimamiwa na Brad Allan na Andy Cheng, wote wawili waliopikwa katika kikosi cha Jackie Chan. Ndiyo maana pale nguzo, viti na hata koti vinageuka silaha.

Na ule mlio wa ngumi? Hurekodiwa studio baadaye: fundi wa sauti anachapa kipande cha nyama mbichi, na mfupa ukitakiwa kuvunjika, anavunja mabua ya seleri mbele ya maikrofoni. Ngumi ya kweli ikitua shavuni hutoa mlio hafifu tu, ambao hakuna aliyelipa kiingilio angeridhika nao.