Filamu ya kikoloni na filamu ya wakati wa ukoloni

Imefika mahali kila filamu ya zamani yenye Mzungu aliyevaa kofia ya jua inaitwa "filamu ya kikoloni". Hilo bado ningeweza kulimeza. Lakini nimesoma makala iliyoipa jina hilo hata Awaara, filamu ya Kihindi ya mwigizaji na mwongozaji Raj Kapoor, kwa sababu tu ilivuma Afrika Mashariki miaka ya 1950 wakati bendera ya Uingereza ikipepea. Sasa Raj Kapoor naye amekuwa mkoloni.

Maana yenyewe haina utata mkubwa. Katika vitabu vya historia ya sinema, filamu ya kikoloni ni ile iliyotengenezwa ili kuifanyia kazi dola ya kikoloni: kuwafundisha watawaliwa, kuwaelekeza, kuwashawishi, au kuwaeleza walipa kodi wa kule Ulaya kwa nini utawala huo uendelee. Mwaka iliotengenezwa hautoshi kuamua, na rangi ya aliyeshika kamera haitoshi pia. Kinachoulizwa ni nani aliitaka, kwa kazi gani, na nani alikusudiwa kukaa mbele ya kitambaa kuitazama.

Swali hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Chukua Sanders of the River, ya mwaka 1935. Ilitengenezwa na London Films, kampuni binafsi ya Alexander Korda, ikaongozwa na nduguye Zoltan, kutokana na hadithi za Edgar Wallace. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani Mweusi, aliigiza chifu Bosambo, na Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London siku hizo, alipata kijisehemu kidogo. Filamu nzima inamtukuza afisa wa wilaya anayewatuliza "wenyeji" kama mlezi wa watoto watukutu. Robeson mwenyewe baadaye aliikana. Siitetei hata kidogo. Ila ilikuwa biashara: tiketi ziuzwe London na New York, mtazamaji apate mto, ngoma na mikuki, arudi nyumbani ameridhika na ukuu wa taifa lake. Mwafrika ndani yake ni mandhari, hakuna aliyemfikiria kama mtazamaji. Wanahistoria wengi huiweka kwenye sinema ya himaya, yaani filamu za biashara zinazoutukuza utawala huo, na wana sababu ya kuitenga na filamu ya kikoloni.

Mwaka huohuo wa 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa kunaanza jambo tofauti kabisa. Ni ule mradi unaojulikana kwa ufupisho BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment), jaribio la kutumia sinema kuwaelimisha Wabantu. Hiyo K inatoka kwenye "kinema", tahajia ya Kiingereza cha enzi hizo iliyokuwa karibu zaidi na neno la Kigiriki la mwendo. Waendeshaji wake, Meja Notcutt na mwenzake Latham, walitengeneza filamu 35 hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937: minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, kilimo cha chai, faida ya kuweka akiba benki ya posta. Waigizaji walikuwa Waafrika wa maeneo hayo. Filamu zilikuwa bubu na sauti ilikuwa kwenye santuri za pembeni, hivyo picha ileile iliweza kusemeshwa kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule.

Hakuna tiketi ya London hapo. Aliyelengwa ni mkulima aliyeketi chini usiku mbele ya kitambaa, naye alitakiwa aondoke pale akiwa amebadilika: achimbe choo, auze mahindi kwa utaratibu unaotakiwa, aiamini benki. Hii ndiyo filamu ya kikoloni kwa maana kamili, ingawa mhusika mkuu ni Mwafrika, haina Mzungu anayepigana na simba, na baadhi ya mafunzo yake yalikuwa ya manufaa. Safura ilikuwepo kweli.

Wanaopenda vigezo vya mkato hukwama papo hapo. Fedha nyingi za BEKE hazikutoka hazina ya Uingereza, zilitoka Shirika la Carnegie la Marekani. Mwenye mradi alikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni, huku Wizara ya Makoloni ikiunga mkono, na serikali za Afrika Mashariki hazikutaka kubeba gharama za kuuendeleza. Ukisema filamu ya kikoloni ni ile tu iliyolipiwa na serikali, BEKE inakuponyoka. Ukiangalia kazi yake na mtazamaji wake, inarudi mahali pake.

Serikali iliingia kwa nguvu mwaka 1939, ilipoanzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya Wizara ya Habari, awali kwa ajili ya kuvieleza na kuviungia mkono vita. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ametumia sinema katika kazi za afya huko Nigeria, na alikuja na nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwakatwa haraka. Basi mwendo uwe wa polepole, tukio moja lioneshwe hadi liishe, ujanja wa kamera uachwe. Pembeni husimama mkalimani mwenye kipaza sauti, akiieleza picha kwa lugha ya watu. Hapo nadhani vitabu vinavyotenganisha sinema na jukwaa vinapoteza kitu, maana onyesho la namna hiyo lilikuwa nusu filamu, nusu mchezo wa mtu mmoja, na lilibadilika kila mkalimani alipobadilika.

Nadharia ya Sellers ilikuwa ikikanushwa kila jioni mjini. Ukumbi wa Royal wa Zanzibar ulifunguliwa mwaka 1921, na kumbi za biashara za aina hiyo, nyingi mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, zilionyesha filamu za Bombay na Hollywood kwa watazamaji waliozifuata vizuri sana, mikato yote na nyimbo zote. Awaara iko kundi hili. Utawala ulizikagua filamu hizo, ukazikata na nyingine ukazikataza. Jambo linalokaguliwa na mkoloni haligeuki kuwa la kikoloni.

Kwa Wafaransa mpaka huu uko wazi zaidi. Amri ya mwaka 1934 ya Pierre Laval, waziri wa makoloni wa Ufaransa, ilidai kibali kwa yeyote aliyetaka kupiga filamu katika makoloni yao ya Afrika, na Paulin Vieyra na wenzake, Waafrika waliokosa kibali hicho, wakaishia kutengeneza Afrique-sur-Seine jijini Paris, mwaka 1955. Ni filamu ya wakati wa ukoloni, tena iliyosukumwa na sheria ya kikoloni hadi ugenini. Kuiita ya kikoloni ni kuwatukana waliozuiwa.

Zipo zinazogoma kukaa sawasawa, na hizo nakubali tubishane. Daybreak in Udi ya mwaka 1949 ilipigwa Nigeria na kitengo cha serikali ya Uingereza, ikapata tuzo ya Oscar: dola ndiyo iliyoitengeneza, lakini ilimtazama zaidi mtazamaji wa nje. Kuna pia Muhogo Mchungu, ya Kiswahili, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla hajaongoza vyama vya wafanyakazi na kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Mimi naihesabu ya kikoloni kwa sababu ya mradi wa serikali ya Tanganyika ulioizaa. Anayesema kwamba waliokwenda kumtazama Kawawa waliona kitu kingine kabisa ana hoja, na hoja yake inahitaji kwanza tuwe tumetenganisha mtengenezaji na mtazamaji.

Kwa zile nyingine zote, ambazo unachojua tu ni kwamba zilitoka au zilionyeshwa kabla ya uhuru, Kiswahili kina "filamu ya wakati wa ukoloni". Tumia hiyo.