Jenerali wa Saio hakuwa mwoga

Hapa Bukavu tunapita Kambi Saio kila siku, na mzee yeyote atakueleza jina hilo: ni mji wa Ethiopia, ambako jenerali wa Italia, Pietro Gazzera, alisalimu amri mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, tarehe 3 Julai 1941. Kisha husikia nyongeza, kwamba alikuwa mwoga, maana alikuwa na watu wengi na alikaa juu mlimani.

Mlima alikuwa nao kweli. Lakini angekula nini huko juu? Tangu Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, njia ya Suez ilikuwa imefungwa kwake: risasi, dawa wala petroli havikuja tena kwa bahari. Addis Ababa ilianguka Aprili 1941, na mwezi wa tano mkuu wake, Duke wa Aosta, akajisalimisha kwenye mlima wa Amba Alagi. Gazzera akarithi uongozi wa jeshi lililokwisha kukatwa vipande. Waingereza walikuwa wakimsogelea pia, na wazalendo wa Ethiopia hawakumpa usingizi.

Kumwita mwoga kunawapunja na babu zetu. Wao walitoka Kongo, wakateremka Nile ndani ya Sudan, wakaingia Ethiopia na kuteka Asosa na Gambela. Chini ya Saio, kwenye kijito cha Bortai, walikaa na njaa na beriberi, ugonjwa wa lishe duni, na wapagazi wengi hawakurudi nyumbani. Hawakupewa ushindi na mtu aliyekimbia.