Seli Inapopukutika: Kwa Nini Maabara Inachunguza Kifo cha Seli

Wageni wanaotembelea maabara yetu huonyeshwa kwanza kabati la joto la nyuzi 37, ambamo tunafuga seli za binadamu kwenye visahani vya plastiki. Hapo hufurahi. Wakielezwa kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuziua seli hizo kwa njia mbalimbali na kuzitazama zinavyokufa, nyuso hubadilika. Kuna wanaouliza waziwazi: kwani nyinyi si mnatafuta tiba? Ni swali la haki, na halina jibu la sentensi moja.

Nianze na kinachoonekana kwa jicho kwenye hadubini. Seli yenye afya hujibandika kwenye sakafu ya kisahani, imejinyoosha na kushikana na jirani zake. Tukiidondoshea dawa inayoharibu DNA, kwa saa kadhaa huoni lolote. Kisha seli moja huachia sakafu, hujikunja na kuwa duara. Utando wake huanza kutoa mapovu, yakichomoza na kurudi ndani kama maji yanayotokota. Kiini husinyaa, kikakatika vipande. Mwishowe seli nzima hugawanyika kuwa vifuko vidogo, kila kimoja kimezungukwa na utando wake na hakuna kilichomwagika. Mwilini, vifuko hivyo humezwa na seli jirani au na makrofeji, yaani seli walaji zinazofanya usafi, na baada ya muda mfupi hakuna dalili kwamba hapo paliwahi kuwa na seli.

Ukiinyima seli hiyo hiyo damu na oksijeni kwa ghafla, mambo huwa tofauti kabisa. Huvimba, hupasuka, na yaliyomo humwagikia wenzake. Kinga ya mwili huyachukua yaliyomwagika kuwa ishara ya hatari, basi eneo lote huvimba, hupata joto na kuuma. Hicho ndicho kifo tunachokiita nekrosisi. Kile cha kwanza ni apoptosisi, kifo kilichopangwa. Katika apoptosisi seli imejimaliza yenyewe kwa kufuata maelekezo yaliyomo kwenye jeni zake. Katika nekrosisi ya namna hii seli imeuawa tu.

Jina apoptosisi lilitolewa mwaka 1972 na watafiti watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, waliokuwa pamoja huko Aberdeen, Uskoti. Kerr alikuwa ameona katika maini ya panya seli zilizosinyaa na kuvunjika kimyakimya, bila uvimbe wowote kando yake, akajua hazifanani na seli zinazokufa kwa kuumizwa. Profesa wa Kigiriki wa chuo hicho, James Cormack, ndiye aliyewapa neno hilo, ambalo Wagiriki walilitumia kwa majani yanayoanguka mtini. Kwangu mimi Kiswahili hakikuhitaji kuazima. Tuna kitenzi kupukutika, nacho kinasema kila kitu: mti haujafa, ni majani yake yanayoondoka kwa zamu ili mti uendelee kuishi. Ndiyo maana nitalitumia neno hilo hapa.

Kwa miaka mingi makala ya akina Kerr haikushughulisha watu wengi. Aliyewazindua wanasayansi ni mnyoo mdogo anayeishi udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa takriban milimita moja na mwili unaopitisha mwanga kiasi kwamba unaweza kuhesabu seli zake akiwa hai. John Sulston alikaa kwenye hadubini akifuatilia kila seli tangu yai, wapi ilitoka na wapi iliishia. Mnyoo huyo, wa jinsia mbili, hutengeneza seli 1,090 za mwili. Kati ya hizo 131 hufa. Ni 131 zile zile kwa kila mnyoo, kila moja ikifa kwa wakati wake. Haiwezi kuwa ajali. Robert Horvitz na wenzake wakatafuta jeni zinazotoa amri hiyo, wakazipata. Jeni inayoitwa ced-3 ikiharibika, seli zilizopaswa kufa hubaki hai. Kazi hiyo iliwapa Sulston, Horvitz na Sydney Brenner, aliyemchagua mnyoo huyo kwa utafiti, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002.

Mtu anaweza kuuliza mnyoo wa udongoni anatuhusu nini. Mwaka 1992 David Vaux na wenzake walichukua jeni ya binadamu inayozuia kupukutika, BCL-2, wakaiingiza ndani ya mnyoo. Ilifanya kazi: seli za mnyoo zilizokuwa zife hazikufa. Jeni ya binadamu ilieleweka ndani ya kiumbe ambaye ukoo wake na wetu ulitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kila ninapowafundisha wanafunzi jaribio hili huwa nanyamaza kidogo ili liwaingie.

Sasa tuingie ndani ya seli. Amri ya kupukutika inaweza kutoka nje, pale seli ya kinga inapogusa kipokezi kilicho juu ya utando, au ikatoka ndani, pale seli yenyewe inapogundua kwamba DNA yake imeharibika. Njia ya ndani hupitia kwenye mitokondria, vile viwanda vya nishati. Protini za ukoo wa BCL-2 hugombana juu ya ukuta wa mitokondria. Baadhi yao hutaka kuutoboa na wengine huwashika wale wasitoboe. Watoboaji wakishinda, protini iitwayo sitokromu c huvuja na kuamsha kaspesi. Kaspesi ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli vikiwa vimezimwa, na kazi yao ni kukata. Vikishaamshwa huamshana kwa mkupuo, vikakata nguzo za seli na kukifungulia kimeng'enya kingine kinachokatakata DNA. Mara nyingi, seli ikifika hapo haina marejeo.

Tukielewa hilo, saratani inaonekana kwa sura nyingine. Tumezoea kusema saratani ni seli zinazozaliana bila mpango, na ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Seli inayozaliana ovyo kwa kawaida hujigundua na kupukutika. Ili iwe saratani lazima kwanza ikatae kufa. BCL-2 yenyewe iligunduliwa kwenye saratani ya tezi za limfu, ambako kipande cha kromosomu (furushi la DNA lililobeba jeni) ya 18 kimehamia kwenye kromosomu ya 14, na seli zikawa zinatengeneza BCL-2 kupita kiasi. Mwaka 1988 Vaux alionyesha kwamba jeni hiyo haizifanyi seli zizaliane haraka, bali inazifanya zisife. Protini nyingine, p53, ndiyo inayokagua DNA na kuamuru kupukutika ikikuta uharibifu usiotengenezeka. Takriban nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Tembo, mwenye seli nyingi kuliko sisi kwa mbali na anayeishi miaka mingi, alitarajiwa kuugua saratani kuliko sisi, lakini hauguagui hivyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulikuta kwamba ana takriban nakala 20 za jeni ya p53, nyingi zikiwa nakala fupi, na seli zake hupukutika upesi zaidi DNA ikiharibiwa.

Kutoka kwenye maarifa hayo ilizaliwa dawa ya venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina moja ya saratani ya damu. Dawa hii haina sumu ya kuunguza seli. Inajishikiza kwenye BCL-2 na kuiachisha wale watoboaji iliokuwa imewakamata, na seli ya saratani inafanya ilichopaswa kufanya tangu zamani. Inafanya hivyo kwa kasi kiasi kwamba wagonjwa wa saratani hiyo huanzishiwa miligramu 20 kwa siku, wakapandishwa hatua kwa hatua kwa wiki tano hadi miligramu 400, kwa kuwa seli nyingi zikifa kwa pamoja mabaki yake huweza kuzidi uwezo wa figo. Tangu wazo la 1988 hadi kidonge cha 2016 ni miaka 28. Naitaja hesabu hiyo kwa wale wanaotuuliza kwa nini tunachelewa.

Hapa pia kuna jambo la kumsaidia aliye kwenye matibabu ya kawaida ya kemikali au mionzi. Nyingi za tiba hizo huua kwa kuharibu DNA, nazo seli hujibu kwa kupukutika. Seli za mizizi ya nywele, za ndani ya utumbo na za uboho huzaliana haraka na zina wepesi wa kutii amri ya kufa. Nywele zikidondoka, maana yake dawa imezifikia na seli zenye afya. Haimaanishi kwamba ugonjwa umezidi, wala nywele zikibaki haimaanishi kwamba dawa imeshindwa.

Upande wa pili ni magonjwa ambayo seli hufa wakati tulizihitaji. Katika kiharusi, kiini cha eneo lililokosa damu hufa ndani ya dakika chache kwa kupasuka. Linalolizunguka hufa polepole, kwa saa na siku, na sehemu ya seli zake hupukutika. Hapo ndipo pa kuokolewa, na ndiyo sababu mgonjwa wa kiharusi hapaswi kusubiri hata kidogo.

Basi si tungetengeneza dawa ya kuzima kaspesi na mambo yakaisha? Watafiti wengi waliitumainia njia hiyo. Tatizo ni kwamba seli ina njia zaidi ya moja ya kufa. Ukizima kaspesi fulani, seli iliyokwisha pata amri huweza kuhamia nekroptosisi, kifo ambacho nacho kimepangwa na jeni lakini huishia kwa utando kutobolewa na yaliyomo kumwagika. Umefunga mlango wa utulivu, seli ikatokea mlango wa kelele. Kuna piroptosisi, ambayo seli iliyovamiwa na vimelea hujitoboa ili kuwaita walinzi. Kuna feroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2012, ambayo madini ya chuma huyaozesha mafuta ya utando mpaka unaachia. Miaka ya nyuma vifo hivi vingi vilitupwa kwenye kapu moja la nekrosisi.

Tofauti hizi zina uzito kwa mgonjwa. Katika VVU, majaribio yaliyofanywa kwenye tishu za limfu na kutangazwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba seli nyingi za CD4, yaani seli za kinga ambazo virusi hivyo huzishambulia, zinazokufa humo hazifi kwa sababu virusi vimezaliana ndani yake. Virusi viliingia vikakwama njiani, seli ikahisi vipande vya DNA yao, ikajitoboa kwa piroptosisi. Kelele hiyo huita seli nyingine za CD4, nazo zikaingia kwenye hatari ile ile. Bakteria wa kifua kikuu naye huishi ndani ya makrofeji. Makrofeji ikipukutika, bakteria hubaki wamefungiwa kwenye vifuko na humezwa tena. Bakteria wakali huzuia kupukutika huko na kuisukuma seli ipasuke, wakatoka kwenda kutafuta seli nyingine.

Kwa hiyo swali letu la kila siku si kama seli imekufa. Ni imekufaje. Seli inayopukutika hutoa nje mafuta yaitwayo fosfatidilserini, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani wa utando, na hiyo huwa ishara kwa walaji. Tunaipaka protini iitwayo aneksini, inayoshika mafuta hayo na kung'aa kijani, pamoja na rangi nyekundu inayoingia tu kwenye seli iliyotoboka. Kijani bila nyekundu: seli imeanza kupukutika. Zote mbili: utando umeshaachia, na hapo lazima kuwa mwangalifu sana.

Nililijifunza hilo kwa gharama. Mwanzoni mwa utafiti wangu niliweka dawa jioni nikaja kupima kesho yake mchana. Seli zote ziling'aa kijani na nyekundu, nami nikaandika kwamba dawa inapasua seli. Ilikuwa si kweli. Zilikuwa zimepukutika usiku, lakini ndani ya kisahani hapakuwa na walaji wa kuzimeza, vifuko vikakaa mpaka vikapasuka vyenyewe. Nilirudia jaribio nikipima kila baada ya saa mbili, usiku kucha, na hatua ya kijani peke yake ikaonekana wazi. Kazi ya miezi miwili ilibidi iandikwe upya.

Nasema haya kwa sababu karibu kila wiki husambaa ujumbe kwamba mmea fulani au unga fulani "umethibitishwa maabara kuua seli za saratani". Huenda mwandishi hasemi uongo. Chumvi nyingi pia huua seli za saratani kwenye kisahani, hata sabuni huziua. Seli zilizo kwenye plastiki hazina ini la kuchuja dawa, hazina damu ya kuipunguza makali, wala mgonjwa wa kudhurika. Anayeacha matibabu ya hospitali kwa ujumbe kama huo anaweka maisha yake juu ya jaribio la hatua ya kwanza kabisa, na tumewapoteza watu kwa njia hiyo.

Kwetu, dawa mpya huwekwa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Safu za juu ni seli za saratani, safu za chini ni seli zenye afya za tishu hiyo hiyo, na kipimo cha dawa hupungua kutoka kushoto kwenda kulia. Asubuhi tunaangalia safu za chini kwanza. Kama nazo zimekufa kwa kipimo kile kile, dawa hiyo tunaiweka kando na kuchukua inayofuata.