Grini Baada ya Baridi Kali: Kwanza Jua Kilicho Hai

Rangi ya nyasi mwanzoni mwa majira ya machipuko ni shahidi wa uongo. Grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo kwenye uwanja wa gofu, ikitoka chini ya barafu ikiwa kijani huweza kunyauka yote ndani ya siku chache, na iliyotoka kahawia ikarudi vizuri bila kuguswa. Kwa hiyo sitoi mashine ya kukata wala mfuko wa mbolea kabla sijajua ni nyasi zipi zimepona.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Ardhi ikiwa bado imeganda, nachukua drili yenye msumeno wa duara na kutoa vipande vidogo vya nyasi pamoja na udongo wake, hasa kwenye vibonde, penye kivuli na pale maji yanapopita. Naviweka kwenye vyungu dirishani, ndani ya chumba chenye joto, na kuvimwagilia. Kilicho hai huanza kuchipua katika muda wa wiki moja au mbili. Asiye na subira apasue shina kwa wembe, pale chini majani yanapokutana na mizizi: likiwa jeupe na gumu, lina uhai, likiwa la kahawia na linapondeka kidoleni, limekwisha. Pua nayo husaidia. Grini iliyokosa hewa chini ya barafu hutoa harufu ya kuvunda mara tu barafu inapopasuliwa.

Watu wengi huilaumu barafu. Ni kweli inaua: nyasi za Poa annua huanza kufa zikifunikwa na barafu nzito kwa takriban siku 60, ilhali Agrostis stolonifera, zile nyasi tambazi za grini, huweza kuvumilia siku 90 na zaidi. Lakini mimi naogopa zaidi maji ya mwisho wa baridi. Jua la mchana linayeyusha theluji, Poa annua inaamka mapema na shina lake linanywa maji, kisha usiku baridi kali inarudi ghafla. Maji yaliyo ndani ya shina yanaganda na kulipasua. Ndiyo sababu mabaka yaliyokufa hufuata vibonde, huku mteremko ulio hatua mbili pembeni ukibaki mzima. Ukiona picha hiyo kila mwaka mahali palepale, acha kununua mbegu na urekebishe njia ya maji.

Ukungu wa theluji, ugonjwa wa kuvu unaoshika nyasi, ni habari nyingine. Wa kijivu huhitaji theluji ikae muda mrefu, na huacha vipunje vidogo vigumu vya kahawia au vyeusi kwenye majani. Mara nyingi hula majani tu; ukipitisha reki nyepesi hewa ikaingia na jua likapiga, nyasi hujirudia zenyewe. Wa waridi ndio wa kuangaliwa, maana huweza kufika kwenye shina na huendelea kushambulia kukiwa na ubaridi na unyevu hata theluji ikiisha. Huo ndio hunifanya nitafute dawa.

Kwenye mabaka yaliyokufa, siitazami kalenda, natazama kipimajoto cha udongo. Mbegu za Agrostis huota kwa kusuasua udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Zikifika 15 mambo huenda. Turubai linalopitisha hewa na maji husaidia kuongeza joto. Mbegu iliyorushwa tu juu ya nyasi mfu ni chakula cha ndege: lazima uchane mistari au utoboe vishimo ili ishikane na udongo, uipe fosforasi kidogo, kisha umwagilie maji machache mara nyingi kwa siku. Kata juu kuliko kawaida. Hapa ndipo ugomvi na wachezaji unapoanza, kwa sababu miche hiyo haivumilii viatu, na grini ya muda haimpendezi mtu yeyote. Wavumilie, lakini usiwafungulie.

Ugomvi wa pili ni ule wa sakafu iliyoganda. Sentimita chache za juu zimelainika, chini bado ni jiwe. Mtu akikanyaga, tabaka la juu linateleza juu ya lile la chini na kukata mizizi. Chomeka fimbo nyembamba ya chuma ardhini. Ikigota njiani, uwanja haujawa tayari. Rola nyepesi ya kusawazisha udongo ulioinuliwa na barafu nayo ingoje hadi maji yashuke.

Mabomba ya kumwagilia yanataka mkono wa taratibu. Baada ya kukaa matupu msimu mzima yamejaa hewa, na ukifungulia maji kwa nguvu, kishindo chake hupasua viungo. Fungua vali za sehemu za juu hewa itoke, jaza kwa shinikizo dogo, kisha tembea ukikagua kila kinyunyizio. Matawi yaliyovunjika na mchanga uliosombwa kwenye mashimo ya mchanga ni kazi ya nguvu tu. Kando ya barabara iliyomwagwa chumvi, jasi na maji mengi huiondoa chumvi hiyo kwenye udongo.

Bendera zinarudi kwenye grini yenye miche pale tu inapokatwa mara kadhaa bila majani kung'oka na mizizi yake. Hata hapo nayaweka mashimo mbali na mabaka mapya.