Mchoro wa kibotania ni nini, na kwa nini kamera haijauondoa

Mchoro wa kibotania ni picha ya mmea au uyoga iliyochorwa ili mtu aliye mbali aweze kuutambua mmea huohuo akiukuta porini, bila kumtafuta mchoraji amuulize. Uzuri unaruhusiwa lakini si lazima. Anayeutundika sebuleni kwa sababu rangi zake zinapendeza hajakosea, ila aliyeuchora alikuwa na shughuli nyingine kabisa: kuhesabu stameni (sehemu za kiume za ua), kupima kikonyo cha jani, kuangalia kama vinyweleo vimesimama au vimelala.

Wengi hudhani mchoro ni picha ya zama za kabla ya kamera. Sivyo. Kamera hupiga mmea mmoja. Mchoro huonyesha spishi nzima. Ukipiga picha ya ua leo asubuhi, unapata ua lile lile, na umande wake, na tundu lililotobolewa na mdudu. Mchoraji ana mimea kadhaa mezani. Tundu la mdudu analiacha, kwa kuwa ni la mmea mmoja tu. Kwenye karatasi moja anaweka tumba, ua lililochanua, ua lililopasuliwa katikati, tunda na mbegu, vitu ambavyo kwa kawaida havikutani vyote kwenye tawi moja siku moja. Ukitaka kuwa mkali, mmea uliochorwa vizuri hivyo haujawahi kuota popote.

Chukua violeti ya Usambara, ile inayouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, aliikusanya katika eneo la Tanga na Usambara na kuipeleka kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen huko Hannover, aliipa jina Saintpaulia ionantha. Siku hizi wataalamu wameihamishia kwenye jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Streptocarpus, lakini jina la zamani halitoki midomoni mwa watu. Picha ya simu itakuonyesha maua ya zambarau na majani ya manyoyamanyoya, basi. Ndugu zake wa milimani karibu wote wako hivyo. Alipokuja mtaalamu wa mimea B. L. Burtt wa Edinburgh kuwatenganisha katika miaka ya 1950, alitazama zaidi vinyweleo vya jani: virefu au vifupi, vyote sawa au vimechanganyika. Tunda nalo lina neno lake, maana kuna lililo fupi na nene na kuna lililo refu na jembamba. Halafu kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: kijiti cha pistili, sehemu ya kike ya ua, hupinda kulia katika ua moja na kushoto katika ua jingine, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Mchoraji ataweka maua yote mawili sambamba. Mpiga picha atachagua lililo zuri zaidi.

Kwenye uyoga tofauti hii huwa kubwa zaidi, kwa sababu uyoga haukai. Mmea ukiubana kati ya magazeti unakauka na umbo lake hubaki. Hata baada ya miaka mingi ua la hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, hulowekwa kwenye maji ya moto, likalainika, likapasuliwa chini ya hadubini na kuchorwa. Uyoga ukikauka unasinyaa, rangi inapotea, harufu inakwenda. Kwa hiyo sampuli kavu isiyo na picha wala maelezo ya siku ilipochumwa ni nusu ya habari.

Na sehemu inayotambulisha mara nyingi imejificha. Uyoga wa kwenye vichuguu, wa jenasi ya Termitomyces, ukiutazama kwa juu ni kofia tu, ingawa katika spishi moja kofia hiyo hufikia upana wa mita moja. Habari yake halisi iko ardhini. Shina linashuka kama mzizi hadi kwenye kiota, mahali mchwa wanapoulisha na kuutunza. Mchoro hukata udongo kama kisu kinavyokata keki na kuonyesha yote, kuanzia kofia hadi kwa mchwa. Uyoga wa sumu wa Ulaya, Amanita phalloides, una kifuko chake chini kabisa ya shina. Anayeukata usawa wa ardhi ameacha shimoni ile alama ambayo ingemwokoa.

Somo hili Beatrix Potter, yule mwandishi wa hadithi za sungura, alilipata mapema. Kabla ya vitabu alichora uyoga wa Uskoti na wa kaskazini mwa Uingereza kwa rangi za maji, na aliyemwelekeza alikuwa Charles McIntosh, mpeleka barua wa Perthshire aliyeijua misitu kama kiganja chake. Huyu alimshauri kuonyesha pia uyoga uliopasuliwa, si sura ya nje peke yake. Mwaka 1897 makala ya Potter kuhusu kuota kwa spora, zile chembe ndogo ambazo uyoga huzaliana kwazo, ilifikishwa mbele ya Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe, na mtu mwingine, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria. Mwaka 1967, miaka mingi baada ya kifo chake, michoro yake ilitumika katika kitabu cha kutambulisha uyoga. Picha gani ya simu tunayopiga leo itadumu hivyo?

Hata sheria ya majina ya mimea iliwahi kuuegemea mchoro. Jina la spishi hufungwa kwenye kielelezo kimoja maalumu, na baadhi ya majina ya mwaka 1753 ya Linnaeus, Msweden aliyeweka mfumo wa kuipa mimea majina, yamefungwa kwenye michoro. Kwa spishi mpya za mimea hilo limekoma tangu 2007: sasa lazima kuwe na sampuli yenyewe.

Nisiidharau kamera. Inashika rangi kabla haijabadilika, inaonyesha mmea umeota juu ya nini, na inaandika tarehe na mahali bila kuombwa. Uyoga unaogeuka buluu ukikatwa unahitaji video, kwa sababu mabadiliko yanaweza kuisha kabla mchoraji hajachanganya rangi. Tatizo ni mazoea ya kupiga picha moja, ya juu, yenye mwanga mzuri. Piga juu, ubavuni na chini ya kofia. Uchimbue uyoga mzima, uupasue kwa urefu, uupige tena ukiwa na rula pembeni. Kisha laza kofia nyingine juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi spora zitakuwa zimeanguka na kuacha alama yenye rangi yake: nyeupe, ya waridi, kahawia au nyeusi. Hiyo nayo ipige picha.